Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Wahenga wetu walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, tukaizoea hata ikawa yapita masikioni bila ya kugonga mahali. Mimi iliniamsha mwaka 2023, na aliyeniamsha ni shangazi yangu.

Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa na umri wa miaka 77 wakati huo. Akaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ile ile aliyoingia bibi-arusi. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikwisha anza kufuata nyayo. Baada ya kungoja kwa miezi mitatu, hospitali moja ilimletea ujumbe kwa simu kwamba miadi yake ni Jumatano saa 9:00. Mjukuu wake wa miaka kumi akamsomea kama ilivyoandikwa: "Bibi, waitwa Jumatano saa tisa."

Siku ilipofika, Shangazi aliswali Adhuhuri, akavaa buibui lake, akapanda tuktuk. Alifika saa nane u nusu, nusu saa kabla ya wakati, kwani yeye si mtu wa kuchelewa. Alimkuta bawabu akifunga mlango wa kliniki. Daktari alikuwa ameanza kazi saa tatu asubuhi, na kufikia saa saba alikuwa keshaondoka. Shangazi akaambiwa aandikishwe upya, na nafasi iliyopatikana ilikuwa baada ya miezi miwili mingine.

Msomaji wa Mwambao hapana haja nimweleze kosa liko wapi. Sisi saa za mchana twazihesabu tangu macheo, na za usiku tangu jua kutua. Saa 9:00 ya Kizungu ni saa tatu kwetu. Yule aliyeifasiri programu ya hospitali kwa Kiswahili aliyafasiri maneno yote barabara, lakini saa akaiacha ilivyo. Neno ni la Kiswahili, hesabu si ya Kiswahili, na katikati ya viwili hivyo jicho la mtu mzima likangoja gizani.

Lakini lililonichoma zaidi si ile safari ya bure. Nilipokwenda kumtazama jioni ile, Shangazi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi mjinga, mwanangu. Mambo haya ni ya watu waliosoma." Mwanamke huyu, ndugu msomaji, amesimamia upatu wa mtaa kwa miaka thelathini. Nani ametoa, nani hajatoa, zamu ya nani mwezi ujao, yote huyaweka kichwani bila ya daftari, na hakuna siku hata moja aliyomdhulumu mtu shilingi. Leo simu imemfanya ajiite mjinga!

Nilimhadithia mkasa huu kijana mmoja wa jirani yetu, ambaye kazi yake huko Nairobi ni kutunga programu za simu. Nilidhani ataniambia kwamba wazee hawana budi wazoee mambo mapya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ami, aliyekosa si Shangazi. Aliyekosa ni yule aliyeitoa programu ile bila ya kuketi na mtu kama Shangazi hata nusu saa." Akaniarifu kwamba yeye na wenzake wanatengeneza programu yao ya kuwaandikishia watu siku za kliniki, na akaniomba ruhusa waje kuijaribu nyumbani kwetu.

Mimi sikujua kwamba jambo hilo ni kazi yenye kanuni zake. Nilipochunguza, niliona kwamba ina historia ndefu, na kwamba sote twaibeba mkononi kila siku. Zitazame tarakimu za simu yako. Moja, mbili na tatu ziko juu, ilhali katika mashine ya hesabu ya dukani zilizo juu ni saba, nane na tisa. Mpango ule wa simu haukuanguka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani waliwaletea watu vitufe vilivyopangwa kwa namna zaidi ya kumi, wakapima ni mpango gani watu huufinya upesi na kwa makosa machache. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960, na simu za vitufe zikaanza kutolewa kwa umma mwaka 1963.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, wenye busara waliifuata njia hiyo hiyo. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikiitengeneza kompyuta yake iitwayo Lisa, iliyotolewa mwaka 1983, mtaalamu Larry Tesler aliwakalisha watu wasioijua mbele yake, akawatazama. Mahali pamoja palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Do It", yaani "fanya". Mtu mmoja akawa hataki kukifinya, na uso ameukunja. Alipoulizwa sababu, alisema yeye si mjinga, mbona kompyuta yamtukana? Kumbe herufi zile zilikuwa zimekaribiana mno, naye akazisoma pamoja "dolt", neno ambalo kwa Kiingereza humaanisha mtu mpumbavu! Wahandisi walikuwa wakikitazama kitufe kile kila siku, wasilione jambo hilo. Wakaliondoa neno lile, wakaandika "OK".

Nilipoisoma habari hii nilicheka, kisha nikamkumbuka Shangazi, kicheko kikakatika. Yule wa Marekani alidhani kompyuta yamwita mjinga, akakataa. Shangazi hakuitwa na mtu, alijiita mwenyewe.

Wataalamu wengine waliziandika kanuni za kazi hii. Mwaka 1982, Clayton Lewis wa kampuni ya IBM alieleza njia ya kumwomba mtu aseme kwa sauti kila analofikiri huku akitumia kompyuta, ili mtazamaji ajue amekwama wapi na kwa nini. Mwaka 1985, yeye na mwenzake John Gould walitaja nguzo tatu. Kwanza, wajue watu utakaowatengenezea, tangu mwanzo wala si mwisho. Pili, watazame wakikitumia chombo chenyewe, upime. Tatu, rekebisha, kisha ujaribu tena, na tena. Walipowauliza watengenezaji wenyewe hatua gani ni muhimu katika kazi yao, waliozitaja nguzo zote tatu walikuwa wachache mno, ijapokuwa kila mmoja akizisikia husema kwamba hayo mbona yajulikana!

Je, yatakiwa watu wangapi? Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano watosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, na kwamba ni bora kujaribu mara tatu kwa watu watano watano kuliko mara moja kwa watu kumi na watano. Wako waliompinga, wakasema kwamba kwa kazi kubwa watano hawatoshi. Lakini mwenyewe aliweka sharti moja ambalo wengi hulisahau: ikiwa watumiaji ni wa namna mbalimbali, basi wajaribiwe wa kila namna. Vijana watano wa ofisini hawawezi kumwakilisha bibi wa miaka 77.

Nasi hapa Kenya tuna ushahidi wetu. Huduma ya M-Pesa haikukusudiwa hapo mwanzo iwe kama tuijuavyo. Mwezi wa Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kuijaribu pamoja na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo midogo, kwa watu wasiofika mia tano katika sehemu za Nairobi na Thika. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Jaribio lile lilikuwa la miezi, si la kuketi na mtu mmoja mmoja kwa nusu saa, lakini msingi ni ule ule: mpe mtu chombo, kisha utazame akifanyiani. Na watu walifanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Mwenye kusafiri aliziweka pesa kwa wakala huku, akazitoa kule afikako, asitembee nazo njiani. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliziweka pesa za mauzo jioni, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa na wakala bado yuko wazi. Wengine walinunua muda wa maongezi, wakawapelekea jamaa zao mashambani.

Wenye huduma walitazama, wakafahamu kwamba watu wamewafunza. Huduma ilipotolewa kwa umma mwezi wa Machi 2007, lile la kulipa mikopo liliwekwa kando, na lililotangulizwa likawa kutuma pesa nyumbani. Lau wangalijifungia ofisini na kuulizana wao kwa wao, wangaliwapa Wakenya chombo cha kulipia madeni.

Basi siku ya Jumamosi, baada ya Alasiri, yule kijana alikuja nyumbani kwa Shangazi pamoja na binti mmoja mwenye daftari. Walitoa shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakaandaliwa kahawa na mahamri. Simu waliyoileta haikuwa ya fahari. Ilikuwa ya bei ndogo, na kioo chake kina ufa, kama zile tulizo nazo wengi wetu. Kijana akaketi kando ya Shangazi, akasema maneno ambayo ningependa kila ofisi iyatundike ukutani: "Shangazi, si wewe tunayekujaribu. Twaijaribu programu yetu. Kila utakapokwama, utakuwa umetusaidia."

Hakumfunza kitu. Alimwambia tu, "Chukulia kwamba daktari amekutaka urudi wiki ijayo. Jiandikishie siku. Na kila linalokujia moyoni, liseme."

Shangazi alikishika kile chombo kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na jicho lake zima. Jambo la kwanza aliloulizwa ni nywila. "Nywila!" akasema. "Ni mdudu gani huyo?" Binti akaandika. Mahali pengine palikuwa na neno ghairi, na kijana alikuwa amenidokezea kwamba neno hilo ndilo lililowatia hofu, kwani wenzake wengi Nairobi hawakulijua. Shangazi hata hakusita. "Hapa ni mtu akighairi," alisema, "akiona haji tena." Neno walilolihofia lilipita, na lile walilolidhani jepesi likamkwamisha.

Kisha ikaja tarehe ya kuzaliwa. Kalenda ilifunguka mwezi ule ule tuliokuwamo, na kila akifinya yarudi nyuma mwezi mmoja. Mwenye miaka 77 yampasa afinye mara 924 ndipo aufikie mwezi aliozaliwa! Waliyoitunga wana miaka ishirini na kitu, na wao walipoijaribu walitia tarehe yoyote ili wapite. Shangazi alifinya, akafinya, kama mara thelathini hivi, kisha akaiweka simu juu ya mkeka. "Mwanangu," alisema, "hata nifike kwenye kuzaliwa kwangu, n'takuwa n'shakufa."

Tulicheka sote, lakini mimi nilikuwa sijiwezi. Nilijua kwamba ukiufinya mwaka ulioandikwa juu, miaka yote hujipanga ukachagua. Mkono wangu ulikwisha nyooka nimwonyeshe. Kijana akaushika, akautia kando taratibu. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo zito kuliko yote katika kazi hii, kunyamaza. "Ami, wewe leo ungemwonyesha. Kesho akiwa peke yake, nani atamwonyesha?" Ni kweli. Katika malezi yetu, kumwona mtu mzima anahangaika nawe umekaa kitako ni utovu wa adabu. Lakini siku ile nilifahamu kwamba iko heshima ya kumsaidia mtu, na iko heshima ya kumtazama kwa makini hata ujue ni nini kinachomsumbua, ili kisimsumbue yeye wala wenziwe.

Mwisho tukaifikia saa. Kijana alikuwa ameuzingatia mkasa wa hospitali, na kwa kuwa hakutaka urudi, alikuwa ameongeza neno moja. Programu yake haikusema "saa 9:00" tu. Ilisema "saa 9:00 asubuhi". Alinitazama kama mtu aliyekwisha tia bao. Shangazi akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

"Saa tisa asubuhi?" aliuliza. "Hiyo si asubuhi, ni wakati wa daku. Daktari gani yuko kazini saa ya daku?"

Yule kijana akainamisha kichwa. Ni mzaliwa wa Mombasa, mkosa alikuwa akiujua, akaketi akaufikiria na kuurekebisha, na bado alikosa. Miaka yake ya kompyuta ilikuwa imemfunza kuiona 9:00 na kuisoma saa tatu bila ya kujijua. Hapo ndipo nilipoiona maana ya kazi ile. Nia njema haitoshi. Hata kuwa mwenyeji hakutoshi. Hapana budi kitanda kilaliwe.

Siku ile na ya pili yake walikwenda kwa watu wengine wanne mtaani: mzee mvuvi, mama mmoja muuza viazi vya karai, ustadhi wa madrasa, na binti mwanafunzi wa chuo kikuu. Mvuvi na mama wa viazi walisoma saa tisa kama Shangazi. Ustadhi aliuliza, "Saa hii ni ya kwetu ama ni ya ofisini?" Ni yule mwanafunzi peke yake aliyepita moja kwa moja bila ya kukwama popote. Binti mwenye daftari akaniambia kwa masikitiko kwamba kabla ya kuja Mombasa, wote waliowajaribu walikuwa kama yule mwanafunzi.

Walirudi baada ya wiki mbili. Nywila ilikuwa imeondoka, na mahali pake pameandikwa neno la siri. Mwaka wa kuzaliwa waandikwa kwa tarakimu nne tu. Na saa sasa iliandikwa kwa maneno, "saa tatu asubuhi", na zile tarakimu za 9:00 zikafuata kwa herufi ndogo kwa ajili ya waliozizoea. Shangazi alianza na Bismillahi, akaenda hatua kwa hatua, akamaliza peke yake. Lakini alipomaliza aliendelea kukitazama kioo, akangoja. "Nimemaliza ama bado?" aliuliza. Hakuna kilichomwambia kwamba amemaliza. Binti akalifungua daftari lake tena.

Sasa utaniuliza, je, ile hospitali? Niliwaandikia barua kuwaeleza. Hata leo ninapoyaandika haya sijapata jibu, na ujumbe wao bado wasema 9:00. Miadi ya pili ya Shangazi niliisoma mwenyewe, tukatoka pamoja saa mbili u nusu asubuhi, na alhamdulillahi jicho lile limekwisha pasuliwa naye aona. Lakini mlangoni siku ile, tulipokuwa tukitoka karibu na saa saba, nilimwona mzee mmoja wa kanzu akiteremka kutoka tuktuk, karatasi mkononi, aja bila ya haraka. Nilimwahi nikamwuliza miadi yake ni saa ngapi. Akanijibu, "Saa tisa. Nimekuja mapema." Nikamshika mkono tukarudi ndani mbio, tukamkuta daktari akivua koti lake jeupe. Akalivaa tena.

Ndugu wasomaji, hayo ni ya mzee mmoja aliyekutana na mpita njia. Wale wasiokutana na mtu hurudi majumbani wakajilaumu. Kwa hiyo enyi vijana wetu mnaotunga programu, na mko wengi sasa, Mwenyezi Mungu awabariki, msitutolee kitu kabla ya kuja barazani mkaketi nasi, mkanyamaza, mkatazama. Kahawa hatutawanyima. Nasi wazee na jamaa zao, tukiitwa kujaribu tusione haya, na tukikwama tusijifiche. Tuseme hapa ndipo niliposhindwa, kwani kushindwa kwetu ndiko wanakokutafuta.

Shangazi yeye keshafahamu. Juzi nilimkuta anahangaika na ujumbe mwingine wa simu, wa duka fulani, usioeleweka kichwa wala miguu. Nilingoja nisikie kama atajiita mjinga. Aliugeuza huku na huku, akauweka chini, akasema, "Hichi hakikujaribiwa na mtu."